Kibaba cha Tele na Kibaba cha Mfuto: Juu ya Kukadiria Muda katika Programu za Kompyuta

Zamani, nafaka ilipouzwa kwa kibaba katika masoko ya pwani ya Afrika Mashariki, muuzaji na mnunuzi hawakutosheka na kutaja bei peke yake. Walitaja pia namna ya kupima. Kilikuwapo kibaba cha tele, ambacho nafaka ilirundikwa mpaka ikafanya kilima juu ya ukingo wa chombo. Na kilikuwapo kibaba cha mfuto, ambacho kilifutwa juu hadi nafaka ikalingana na ukingo. Chombo kilikuwa kile kile, na jina la kipimo lilikuwa lile lile. Kilichotofautiana ni ile nafaka iliyozidi ukingo, na swali lilikuwa ni nani aondoke nayo. Mapatano yalifanywa kabla ya kupima, kwa maana mtu aliyeachiwa kuchagua baada ya kupima angechagua lile linalomfaa yeye.

Swali hilo hilo limo leo ndani ya kila programu ya kompyuta inayopima muda. Tovuti inayomwonyesha mwanafunzi dakika zilizosalia za mtihani, daftari la kompyuta linaloandika saa za kazi, hesabu ya gharama ya simu: zote hupima muda kwa usahihi mkubwa kuliko ule zinaouonyesha, kisha huondoa au huongeza sehemu ndogo ili namba isomeke kwa urahisi. Kitendo hiki huitwa kukadiria. Wengi hukiona kuwa ni pambo la mwisho tu, jambo la kumwachia mtunzi wa programu alimalize apendavyo. Makala haya yanashikilia kinyume chake: kwamba kukadiria muda ni uamuzi wa haki baina ya watu, kwamba uamuzi huo hauna budi kutangazwa kabla ya kupima, na kwamba shule za sekondari ndipo mahali pa kuanza kuufundisha hivyo.

Wakati na muda

Kiswahili chenyewe humpa mwanafunzi onyo la kwanza. Maneno "saa mbili" yana maana mbili. Asemaye "njoo saa mbili" anataja nukta moja katika siku. Asemaye "mkutano ulichukua saa mbili" anataja urefu. Msikilizaji hutambua tofauti kutokana na sentensi yenyewe, lakini kompyuta haina kipaji hicho. Kwa hiyo, katika maelezo yanayofuata, neno "wakati" litatumika kwa nukta, na neno "muda" kwa urefu ulio baina ya nukta mbili.

JavaScript, lugha iliyobuniwa mwaka 1995 na ambayo hufahamika na vivinjari vyote vikuu vya mtandao, huhesabu wakati kwa milisekunde, yaani sehemu za elfu za sekunde, tangu mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970 kwa majira ya Greenwich. Muda hupatikana kwa kutoa namba ya mwanzo katika namba ya mwisho. Kufikia hapo hakuna utata wowote, kwa kuwa namba nzima hutolewa katika namba nzima. Lugha hiyo huweza kuzishika namba nzima bila kosa hadi 9,007,199,254,740,991; na milisekunde za idadi hiyo ni zaidi ya miaka 285,000. Hakuna mtihani wala simu itakayodumu hivyo.

Utata huanza pale muda unapogeuzwa kuwa vipimo vya watu: dakika, saa, siku na miezi. Dakika ina sekunde 60 na saa ina dakika 60, lakini mwezi una siku 28, 29, 30 au 31. Hata siku si imara kama idhaniwavyo na wakazi wa Dar es Salaam au Nairobi, ambako saa hazisogezwi mbele wala nyuma katika mwaka. Mjini London, Jumapili ya tarehe 30 Machi 2025 ilikuwa na saa 23 tu, kwa sababu saa zilisogezwa mbele. Programu inayogawa muda kwa saa 24 na kutupa sehemu inayobaki ingesema kwamba tangu mwanzo wa Jumapili hiyo hadi mwanzo wa Jumatatu zilipita siku sifuri. Mtu aliyelala na kuamka mjini humo angestaajabu.

Njia za kukadiria

Zipo njia tatu zilizo maarufu. Ya kwanza ni kushusha: sehemu inayobaki hutupwa, na dakika 2 na sekunde 50 huwa dakika 2. Ya pili ni kupandisha: baki lolote, hata liwe dogo namna gani, huhesabiwa kuwa kipimo kizima, na dakika 2 na sekunde 1 huwa dakika 3. Ya tatu ni kwenda hadi namba nzima iliyo karibu zaidi, ambayo ndiyo inayofundishwa zaidi shuleni. Ya kwanza ndiyo kibaba cha mfuto, na ya pili inafanana na kibaba cha tele.

Njia ya tatu huonekana kuwa ya haki kwa pande zote, lakini nayo ina fundo ndani yake: nusu kamili iende wapi? Katika JavaScript, 2.5 hukadiriwa kuwa 3, na -2.5 huwa -2, kwa sababu nusu hupelekwa juu daima. Katika PHP, lugha itumikayo katika seva nyingi za tovuti, 2.5 huwa 3 lakini -2.5 huwa -3, kwa sababu nusu hupelekwa mbali na sifuri. Katika Python, 2.5 huwa 2, kwa sababu nusu hupelekwa kwenye namba shufwa iliyo karibu. Lugha tatu zenye sifa njema, na majibu yasiyopatana. Basi, ikiwa tovuti inahesabu kuchelewa kwa basi kuwa ni muda chanya na kuwahi kuwa ni muda hasi, kivinjari cha abiria chaweza kusema basi limewahi kwa dakika 2, na seva ya kampuni ikaandika dakika 3, ingawa zote mbili zilipewa namba ile ile moja.

Makosa matatu ya kila siku

Kosa la kwanza ni kukadiria vipande badala ya kitu kizima. Mtunzi wa programu ana sekunde 119.6 naye anataka kuzionyesha kwa dakika na sekunde. Anagawa kwa 60 na kupata dakika 1. Zinabaki sekunde 59.6, naye anazikadiria kuwa 60. Tovuti inaandika "1:60", muda ambao haujapata kuonekana katika saa yoyote. Angalianza kwa kuukadiria muda wote kuwa sekunde 120, kisha akagawa, angalipata "2:00".

Kosa la pili ni kukadiria mara mbili. Muda wa dakika 2 na sekunde 29.6 uko chini ya dakika mbili na nusu, na dakika nzima iliyo karibu nao ni 2. Lakini ukikadiriwa kwanza kwa sekunde huwa dakika 2 na sekunde 30, na ukikadiriwa tena kwa dakika huwa 3. Kila hatua ilifuata kanuni, na jibu la mwisho ni kosa.

Kosa la tatu ni kukadiria kabla ya kujumlisha. Simu kumi, kila moja ya dakika 1 na sekunde 5, zina jumla ya dakika 10 na sekunde 50. Jumla hiyo ikipandishwa hadi dakika nzima huwa 11. Lakini kila simu ikipandishwa peke yake huwa dakika 2, na jumla huwa dakika 20. Dakika 9 zimezuka pasipo mtu kuzisema, na yupo anayezilipia. Wahenga walipata kusema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Hapa kibaba kinachojaa ni cha mwingine.

Nani anabeba baki?

Madhara ya mambo haya huonekana wazi zaidi pale programu mbili zinapokutana. Na ichukuliwe kuwa mwanafunzi anafanya mtihani wa saa moja katika tovuti, naye anawasilisha majibu yake zikiwa zimepita milisekunde 3,599,700. Bado ana theluthi ya sekunde hivi. Kivinjari kinashusha muda uliosalia, hivyo kinamwonyesha "0:00" na kumtia hofu kwamba amechelewa. Seva, kwa upande wake, inapeleka muda uliopita hadi sekunde ya karibu na kupata 3,600. Na kwa kuwa iliagizwa kupokea majibu yaliyofika chini ya sekunde 3,600, inayakataa. Hakuna programu iliyokosea hesabu. Walakini mwanafunzi aliyekuwa ndani ya muda amehukumiwa kuwa nje yake.

Dawa yake si ngumu. Hukumu itolewe kwa milisekunde kamili, na makadirio yabaki kuwa ya macho tu. Tena, muda uliosalia upandishwe, ili "0:00" ionekane pale tu muda unapokuwa umekwisha kweli. Na muda uliopita ushushwe, ili "1:00:00" isionekane kabla saa nzima haijatimia. Njia hizi mbili zinaelekea pande tofauti, lakini zinasema neno moja: usitangaze jambo kabla halijatokea.

Jambo hili limefika hata mahakamani. Nchini Marekani, kanuni za kazi za serikali kuu zimewaruhusu waajiri kukadiria saa za kazi hadi dakika tano, sehemu ya kumi ya saa, au robo saa ya karibu, mradi katika kipindi kirefu mfanyakazi asipunjwe malipo ya muda aliofanya kazi. Lakini sheria za jimbo la California humpa mfanyakazi mapumziko ya chakula yasiyopungua dakika 30. Katika kesi iliyoamuliwa mwezi Februari 2021, Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilichunguza mfumo wa kompyuta uliokuwa ukikadiria nyakati hadi dakika kumi za karibu. Katika mfumo wa namna hiyo, mtu anayetoka kwenda kula saa 5 na dakika 2 na kurejea saa 5 na dakika 25 amepumzika dakika 23. Lakini kompyuta huandika kuwa alitoka saa 5 kamili na kurejea saa 5 na dakika 30, yaani dakika 30 timilifu. Mahakama iliamua kwamba makadirio hayo hayafai kutumiwa kupimia mapumziko ya chakula. Katika kipindi kifupi hivyo dakika chache ni sehemu kubwa ya haki yenyewe, na tena maendeleo ya ufundi yamerahisisha kupima muda kamili.

Wanamichezo wametangulia katika kulitambua jambo hili. Kanuni za riadha hazipeleki muda wa mbio hadi namba ya karibu, huupandisha. Katika mbio za barabarani, muda hupandishwa hadi sekunde nzima inayofuata. Kelvin Kiptum wa Kenya alipoandikiwa saa 2, dakika 0 na sekunde 35 katika marathoni ya Chicago tarehe 8 Oktoba 2023, maana yake ni kwamba muda wake kamili haukuzidi huo. Mkimbiaji hapewi hata chembe ya kasi ambayo hakuwa nayo, na kila mshindani anaijua kanuni hiyo kabla bunduki haijalia. Ndiyo maana hakuna anayeinung'unikia. Hata hivyo, uandishi wa muda wahitaji uangalifu: rekodi ya dunia ya mita 1,500 aliyoiweka Filbert Bayi wa Tanzania mjini Christchurch tarehe 2 Februari 1974 huonekana katika orodha kwa sura mbili, 3:32.2 na 3:32.16. Asiyejua kwamba vipimo hivyo vina usahihi tofauti angedhani kuwa ni mbio mbili.

Kosa dogo likiachwa likue

Yupo atakayesema kwamba sehemu ya elfu ya sekunde si kitu cha kupotezea usingizi. Jibu lake lapatikana katika tukio ambalo halikuhusu tovuti, bali silaha, lakini ambalo mzizi wake ni huu huu wa kukadiria muda.

Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa Vita vya Ghuba, mtambo wa Patriot uliowekwa Dhahran, Saudi Arabia, ulishindwa kulizuia kombora la Scud, na askari 28 wa Marekani waliuawa. Kompyuta ya mtambo huo ilihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, kwa namba nzima, kisha ikazidisha hesabu hiyo kwa moja ya kumi ili kupata sekunde. Lakini moja ya kumi haiandikiki kwa ukamilifu katika namba za kompyuta zenye tarakimu 0 na 1 tu, kama vile theluthi isivyoandikika kwa ukamilifu kwa desimali. Tarakimu zake hazina mwisho, na nafasi zilikuwa 24 tu, zilizosalia zilikatwa. Kosa lililotokea lilikuwa karibu 0.000000095 ya sekunde katika kila hesabu moja.

Mwanafunzi aweza kuikamilisha hesabu mwenyewe. Mtambo ulikuwa umewashwa bila kuzimwa kwa saa 100 hivi, nazo ni sehemu za kumi za sekunde 3,600,000. Ukizidisha, unapata kosa la sekunde 0.34. Ni muda wa kupepesa jicho. Lakini kwa kasi ya kombora lile, mahali ambapo kompyuta ilitazamia kuliona pakawa pamekosewa kwa zaidi ya nusu kilomita. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran siku iliyofuata.

Funzo lake kwa mtunzi wa tovuti ni moja: usiuweke muda katika desimali za sekunde kisha ukaujumlisha tena na tena. Katika JavaScript, 0.1 na 0.2 zikijumlishwa huleta 0.30000000000000004. Uhifadhi muda katika milisekunde nzima, fanya hesabu zote humo, na ukadirie mara moja tu, mwishoni kabisa.

Si kila makadirio ni hasara

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kudhani kwamba usahihi zaidi ni bora daima. Msafiri anayeambiwa kwamba basi litafika baada ya dakika 11, sekunde 42 na milisekunde 318 amedanganywa, kwa kuwa hakuna dereva awezaye kuitimiza ahadi hiyo. "Dakika 12 hivi" ni kauli ya kweli zaidi. Mwezi Januari 2018, baada ya kugunduliwa kwa udhaifu wa vichakato vya kompyuta uliopewa jina la Spectre, watengenezaji wa vivinjari walipunguza kwa makusudi usahihi wa saa inayotolewa kwa tovuti, kwa sababu saa iliyo sahihi mno iliweza kuwasaidia wezi wa siri. Firefox, kwa mfano, ilikwenda hadi sehemu 20 za milioni za sekunde. Hapo makadirio yalikuwa ni ngao.

Kinachodaiwa, basi, si kukomesha makadirio, bali kuyasema wazi. Kwa bahati njema, zana zenyewe zinaelekea huko. Temporal, sehemu mpya ya JavaScript iliyoanza kupatikana katika Firefox mwaka 2025, ina aina ya pekee kwa ajili ya muda, tofauti na wakati, na njia tisa za kukadiria zilizopewa majina. Ukitaka kuukadiria muda hadi miezi, hukudai kwanza utaje tarehe ya kuanzia, kwa sababu bila tarehe hiyo urefu wa mwezi haujulikani. Lakini zana haitoi uamuzi kwa niaba ya mtu. Asiyetaja njia hupewa ile iliyowekwa tayari, na aliyeiweka tayari hakujua kama inakwenda kupima mtihani, mshahara au safari.

Wajibu wa darasa

Katika madarasa mengi, kukadiria hufundishwa kama amri: tano na zaidi panda, chini ya tano shuka. Mwanafunzi huishika amri hiyo, hujibu swali la mtihani, na hutoka shuleni akiamini kwamba njia ni moja tu. Miaka michache baadaye yeye ndiye anayetunga programu ya duka, ya zahanati au ya shule, na amri ile ile huitumia mahali isipofaa.

Mwalimu wa hisabati aweza kulirekebisha jambo hili bila hata kuwa na kompyuta. Katika kila zoezi la kukadiria na ayaongeze maswali matatu. Kwanza, makadirio yanafanywa lini: kabla ya hesabu au baada yake? Pili, yanaelekea upande gani, na kwa sababu ipi? Tatu, ni nani anayepata baki, na ni nani anayelikosa? Kisha na awape wanafunzi simu kumi za urefu mbalimbali wazihesabu kwa njia zote tatu, na waandike kwa maneno yao ni njia ipi mwenye kampuni angeipenda, ipi mteja angeipenda, na ni ipi wote wawili wangeweza kuikubali kama hawajui bado ni nani atakayepiga simu na ni nani atakayelipwa. Hapo hisabati itakuwa imekutana na elimu ya uraia.

Mwanafunzi ajifunzaye kutunga programu naye ajizoeze kuandika, juu ya kila sehemu inayokadiria muda, mstari mmoja unaosema ni njia gani imetumika na kwa nini. Asipoweza kuiandika hiyo sababu, hajamaliza kazi. Na wale wanaonunua programu kwa ajili ya shule, hospitali na ofisi za umma wasiridhike na kuonyeshwa kwamba inafanya kazi. Waulize, kabla ya kutia sahihi, sekunde zinazobaki zinakwenda wapi, nao wadai jibu kwa maandishi.